Kichwa Changu Hakikufunguliwa

Bwana asifiwe! Walio nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Ndugu zangu, ni mimi Shija wa kidato cha tatu, yule mnayemtoa kwaya kila wiki kwa kuchekesha sauti ya pili. Leo sichekeshi. Nitajaribu.

Ilianza kwa jicho la kushoto kuona ukungu, kisha mguu ukafa ganzi. Zahanati wakasema malaria, nikameza dawa. Kwingine wakasema taifodi, nikameza. Mjomba akaja kutoka Mhunze akasema nimerogwa; huyo angalau hakuniletea vidonge. Mwalimu wa hesabu akasema nakwepa mtihani! Jamani! Kila mtu aliujua ugonjwa wangu, na hakuna aliyeniuliza naumwa wapi.

Ng'ombe wa bibi wakauzwa, nikapelekwa Mwanza kupigwa picha ya ubongo. Uvimbe huo, mkubwa! Wakasema huenda ni saratani, wafungue fuvu wakate kipande wakapime. Naweza nisiongee tena, au nisiamke kabisa.

Ndipo daktari mmoja, mama mtu mzima, akasema tusubiri. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia ubongo na mishipa ya fahamu, wenyewe wanauita MS. Mara chache sana huja na sura ya uvimbe, ukawadanganya hata wataalamu. Akaomba kwanza atoe maji kidogo ya uti wa mgongo; alishaikagua picha, akaona ni salama.

Baba akakataa! Ndugu zangu, akakataa!

"Mgongo ukitobolewa, mtoto hatembei. Kichwa kina mfupa, kitaunga."

Yaani fuvu lipasuliwe, sawa, sindano, hapana! Na kalamu ya kusaini upasuaji ameshaishika.

Hapo Roho akanipa neno, lenye ufedhuli kidogo. Baba ni mchimbaji wa dhahabu Geita.

"Baba, ukipata mwamba mpya, unachimba shimo la duara kwanza, au unatwanga mawe mawili ukayaoshe kwenye karai uone kama kuna dhahabu?"

"Natwanga kwanza. Mjinga gani anachimba kwa kubahatisha?"

"Sasa kichwa changu mbona unataka kichimbwe kabla ya kutwanga?"

Mama akacheka huku analia. Baba akaiweka kalamu mezani. "Mtoeni hayo maji," akasema. "Lakini huyu mtoto ana mdomo!"

Sitawadanganya, kichwa kiliniuma siku tatu baada ya sindano. Majibu yakarudi, yakamuunga mkono yule mama daktari. Wakanitundikia dripu za dawa, na picha ya pili ikaonyesha uvimbe umenywea. Hakuna aliyegusa fuvu langu! Jicho linaona. Mguu bado unaburuta, na kliniki nitaenda maisha yangu yote. Dawa zenyewe ni ghali mpaka baba anaziita ndama.

Wabeja, asante Yesu! Ndugu yangu uliyekaa hapo na ugonjwa usio na jina, mwamini Mungu, na umwambie daktari, "Sijaelewa, nieleze tena." Mungu hachukii maswali. Angekuwa anayachukia, leo mngekuwa mnanisemea nyinyi.