Bwana Maboksi na Mashine Yake ya Kukata Mboga

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya kazi na marehemu, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja. Wasifu huu umeandikwa na dada yake marehemu, ambaye ni mpishi, na ndiye anayeusoma. Humu ndani ataitwa "dada yake", kama wasifu unavyotaka, kwa hiyo mkimsikia anajisema kama anayemsema mtu mwingine, msidhani msiba umemchanganya. Kiwanda alichokitumikia marehemu kilijitolea kutuchapishia ratiba za rangi, karatasi ya kung'aa, na kikaleta aya ya kazi ikiwa imeshaandikwa. Ilikuwa na mistari minne. Familia ilirudisha boksi zima ikaenda kuchapisha hizi nyeusi na nyeupe kwa mtu wa fotokopi. Picha imetoka na giza kidogo, mtuwie radhi.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 21 Februari 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Baba alikuwa fundi wa reli na mama alifua nguo za watu. Walizaliwa wawili tu; dada alimtangulia kwa miaka miwili. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kutazama. Alipokuwa na miaka minane alimwona mama akiungua kila siku kwa kifuniko cha sufuria kilichong'oka kishikio. Alikaa jikoni siku tatu akitazama mama anavyokishika, kisha akachukua kigogo cha uzi uliokwisha, akakitoboa, akakifunga juu ya kifuniko kwa waya. Mama alikitumia kifuniko hicho hadi alipofariki, na hakuna mgeni aliyeondoka nyumbani bila kusimuliwa habari zake, apende asipende.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari ya wavulana, na mwaka 1984 akajiunga na chuo cha ufundi, akahitimu stashahada ya ubunifu wa bidhaa mwaka 1987, wa pili katika darasa lake. Mwaka 1977 wazazi waliona hawawezi kusomesha watoto wawili wa sekondari kwa pamoja. Dada yake akaacha shule kidato cha tatu, akaenda kuosha vyombo kwenye kantini, na baadaye akapanda kuwa mpishi. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema mwenyewe, asome huyu, ndiye mwenye macho. Jambo hili halitajwi ili mtu ashukuriwe. Linatajwa kwa sababu lilitokea.

Tarehe 4 Januari 1988 aliajiriwa katika kiwanda cha vyombo vya jikoni, idara ya ubunifu, na hapo ndipo alipopewa jina la Bwana Maboksi. Wenzake walianza kazi kwa kuchora. Yeye alianza kwa kwenda kukaa jikoni kwa watu, siku saba, hapungui hata moja, akiwa na daftari. Siku ya nane ndipo alipokata maboksi ya kadibodi na kuunda chombo cha mfano kwa gundi na mkasi. Alimpa mpishi akishike, akisukume, akitukane. Akirudi anabomoa, anaunda kingine. Mashine ya kukata mboga ilibomolewa mara kumi na tisa kabla haijaguswa na chuma. Mke wake atawaambia kwamba kulikuwa na wakati meza ya chakula haikuonekana mwaka mzima, watu walikula wamepakata sahani.

Huyo mke, mshonaji, alimpata kwa njia hiyo hiyo. Alikwenda kwenye karakana yake kutazama mikasi inavyotumika, akakaa pembeni juma zima akiandika. Bibi mshonaji akadhani ni mtu wa kodi, akamwonyesha vitabu vyote vya duka na kumletea soda kila siku. Siku ya saba akamuuliza, "Kwani wewe unataka nini hasa?" Marehemu akajibu kwamba alikuja kwa ajili ya mkasi, ila sasa hana hakika. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 13 Julai 1991, wakajaliwa watoto wawili, binti na kijana. Alikuwa mume mpole, na baba ambaye hakununua kitu cha kuchezea hata kimoja. Aliwatengenezea vyote, na vyote vilikuwa vya kadibodi, na mvua iliviharibu vyote.

Turudi kwenye mashine, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Katika daftari la mwaka 1997 aliandika sentensi moja akaipigia mstari mara mbili: "Mpishi haangalii mkono wake, anamwangalia anayezungumza naye." Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye jiko kubwa anajua ni kweli. Jikoni watu wanasema, wanasengenya, wanacheka, na mikono inaendelea yenyewe. Kwa hiyo akaweka kinga, yaani kifuniko cha chuma chenye springi, kilichofunika mdomo wa mashine. Mkono ukikiinua, kisu kinasimama papo hapo. Mashine ilitoka kiwandani mwaka 1999. Ya kwanza kabisa aliinunua mwenyewe akaipeleka kwenye jiko la shule alikopika dada yake. Dada alilia, na leo haoni aibu kusema hivyo. Mashine ile ilikata kabichi, karoti na vitunguu vya watoto mia nne kwa miaka kumi, wala haikuumwa hata kikohozi.

Sasa, wageni wetu wa kiwandani mliokaa safu ya pili, karibuni sana, msiinuke. Ofisini kwa meneja kulikuwa na mchoro ukutani, bado upo pengine, wa maisha ya bidhaa. Mstari unapanda, unakaa sawa kidogo, halafu unashuka. Mwaka 2006 meneja alimwita marehemu, akaweka kidole pale mstari unapoanza kushuka, akamwambia mashine yake imezeeka, haiuziki tena. Marehemu akasema haijazeeka, ila waliokuwa wakiitaka wameshaipata na haiharibiki.

"Ndiyo ugonjwa wake huo huo," meneja akasema.

Likaagizwa toleo la pili. Mwili mwepesi, mota ya kasi zaidi, rangi ya kijivu, na kinga iondolewe kwa kuwa wateja wanasema inachelewesha kuosha. Marehemu alikataa wiki tatu. Alidai wapishi wapewe mashine kwa siku saba, kama ilivyokuwa kawaida yake. Akaambiwa hakuna haja, mashine itajaribiwa hapo hapo kiwandani. Ikajaribiwa miezi mitatu, na wapishi wawili wa kukodi, katika chumba chenye kiyoyozi, wamevaa makoti meupe, mlango umefungwa na kibao nje kinasema kimya. Hakuna aliyejikwaruza hata ukucha. Hakuna aliyewasemesha pia. Jaribio likapita, ripoti ikaandikwa kwamba ni salama, na waliolisimamia walikuwa watu wenye elimu zao. Marehemu aliliona kosa hilo siku ya kwanza na akalisema. Akajibiwa kwamba asiposaini mchoro, toleo la pili litafutwa na la kwanza litasimamishwa pia, na mashine ile aliyoibomoa mara kumi na tisa itakuwa imekufa. Akasaini. Familia haitafuti maneno ya kulipamba hilo. Aliipenda mashine kuliko alivyolipenda daftari lake, akasaini.

Mwaka 2009 shule iliongeza jengo, jiko likahitaji mashine ya pili. Mwalimu mkuu akamwambia dada yake marehemu achague. Angechagua nini tena? Jumapili, tarehe 13 Septemba, marehemu alikuja na familia kula kwa dada yake, na dada akajigamba mezani kwamba ile mpya ya kijivu imefika, anaianza wiki hiyo, mdogo wangu huyu hapa, kichwa chake ndicho kinachotulisha. Marehemu alishusha kijiko. Akanywa maji. Akasema, "Uwe mwangalifu nayo, Dada." Akaongezewa chakula, akala. Maneno yalikuwa hayo tu. Dada alikwisha kuona haina kifuniko, akadhani kinga ya sasa iko ndani. Angesema moja zaidi. Angesema haina kinga, basi, maneno mawili, na wali ungeendelea kuliwa.

Jumatano, tarehe 16, saa nne asubuhi, mpishi mwenzake alikuwa anasimulia namna mume wake alivyojifungia chooni kumkimbia mwenye nyumba. Dada yake marehemu alikuwa anacheka. Alikuwa anamwangalia anayezungumza naye. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikwenda kabla kicheko hakijaisha.

Kiwanda kiliandika barua kwamba mashine ilitumiwa isivyofaa. Marehemu naye akaandika yake, kurasa sita, akieleza kinga, jaribio na saini, ya kwake ikiwemo, akitaka mashine zote za kijivu zirudishwe. Hazikurudishwa. Yeye alihamishiwa idara ya vifungashio, kubuni maboksi, na waliomhamisha walicheka kwa jina lake. Mwaka 2011 toleo la pili likasimamishwa kimya kimya kwa kuwa mauzo yameshuka, na kiwanda kikaandika kwamba bidhaa imemaliza maisha yake. Mwaka 2012 na yeye akaambiwa apumzike. Ile karatasi ya kung'aa ilisema alistaafu kwa hiari. Hapana.

Kwa kiwanda mashine ile imekufa. Jikoni bado inakata. Hilo ndilo lililomfanya marehemu, kwa miaka kumi na moja, aamke asubuhi na mkoba wa bisibisi, skrubu na kinga alizozikunja mwenyewe kwa bati nyumbani, azunguke kwenye mashule, mahoteli, mahospitali na magereza akiulizia mashine za kijivu. Wengine walimfukuza kama mchuuzi. Wengine walimkaribisha, akawafungia kinga na kukaa kidogo kuwatazama wakizungumza. Alizifikia mia sita na kumi na moja. Zilizouzwa zilipita elfu nne. Jiko la dada yake ndilo alilolianza, na alikwenda akijua siku hiyo dada hayupo.

Kwa maana dada yake alikuwa hasemi naye. Salamu, ndiyo, na misibani na harusini walikaa pamoja ili watu wasiulize. Lakini mkono wa kulia ulikaa mfukoni mwa sweta kila marehemu alipokuwapo, joto na baridi. Watu wazima walimwambia damu nzito kuliko maji. Aliwajibu kwamba anajua uzito wa damu, alishaifuta sakafuni. Saini angeweza kuielewa. Mtu anaweza kubanwa ofisini. Lakini ile Jumapili hakuna aliyembana, alikuwa mezani kwa dada yake, na aibu ya kukiri ilikuwa na uzito kwake kuliko mkono wa dada.

Novemba 2023 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, akapungua haraka. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, na madaktari walisema wazi kwamba imechelewa kuonekana. Alilazwa kuanzia tarehe 8 Januari. Wodini hakuacha tabia zake. Alikitazama kile kimeza cha magurudumu kinachowekwa juu ya kitanda, akamchorea muuguzi namna ya kukizuia kisikimbie mgonjwa anaponyoosha mkono kuchukua kikombe. Muuguzi akamwambia, mzee, lala. Akalala, akaamka, akamalizia mchoro. Familia inawashukuru sana wauguzi wa wodi ile, walimvumilia.

Tarehe 24 Februari dada yake alikwenda kumwona, peke yake. Walizungumza habari za watoto, zikaisha. Kisha marehemu akasema, "Dada, nionyeshe."

Dada akautoa mkono mfukoni mwa sweta. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne. Marehemu aliushika, akaugeuza, akautazama kwa ile namna yake, polepole, upande huu na upande ule. Akauliza anashikaje kisu siku hizi. Akamwambia kwa kushoto, alijifunza. Akauliza ilimchukua muda gani. Akamwambia mwaka.

"Ile Jumapili nilikuwa najua," marehemu akasema.

"Najua ulikuwa unajua."

"Basi nisamehe, Dada."

Dada yake aliwaza kusema ndiyo. Mtu yuko kitandani, mifupa mitupu, unampa tu. Lakini marehemu alikuwa ameshadanganywa vya kutosha na watu waliotaka mambo yapite, na yeye mwenyewe alishamdanganya dada yake kwa kunyamaza. Akamjibu, "Bado."

"Sawa," akasema, na hakuuachia mkono. Wakakaa hivyo mpaka chakula cha mchana kilipoletwa, dada akamlisha kwa kushoto.

Alifariki Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, mke wake akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, kijana mmoja, na mjukuu mmoja wa kike. Ameacha daftari thelathini na mbili. Ameacha kinga themanini na tatu zilizokwisha kukunjwa, na kijana wake atakuwa nazo pale getini mkitoka. Kama kazini kwenu, shuleni kwa watoto wenu au kwa jirani kuna mashine ya kijivu, chukueni, ni skrubu mbili tu. Wageni wa safu ya pili, nyinyi mnajua zilipo zilizobaki kuliko yeyote hapa, chukueni nyingi.

Ameacha pia dada mmoja. Yeye hajamaliza, na hatasema mbele ya kaburi neno ambalo hakulisema mbele ya kitanda.

Apumzike. Amani ataletewa na dada yake mwenyewe, hapa hapa, siku atakayokuwa nayo.