Orpha Tarpley Stembridge na Shamba la Josias, 1941–2019

Mchungaji Odom, ndugu wa ukoo wa Tarpley, majirani, walimu waliofundisha na marehemu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu leo Jumamosi tarehe 13 Aprili 2019 mkafika katika malisho haya ya Bwana Purvis Landrum, mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kukanyaga, familia imenipa mimi, Harlan Tarpley, mtoto wa marehemu kaka yake Orpha, kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yangu, na imenitaka nieleze kwa nini tunamzika hapa Harrow na si Wexley wala Pendrith, kwa sababu tangu Jumatano watu wanapigiana simu na kila mmoja anasema lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1941 katika kaunti ya Wexley, hapahapa Virginia, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ambrose Tarpley na Bi. Lavinia, wakulima wa tumbaku, katika nyumba ambayo chakula cha jioni hakikuisha bila kutajwa Josias, mtu wa kwanza wa jina letu kuvuka bahari kutoka Uingereza, na sifa yake ilikuwa moja tu, kwamba hakutulia, alipata shamba Wexley, akagombana na majirani, akahamia Pendrith, kisha Lunsford, kisha Harrow, hata ikawa mtoto akishindwa kukaa kitini anaambiwa, "Kaa chini wewe, usituletee miguu ya Josias."

Alisoma shule ya msingi ya Tollow Creek, akamaliza sekondari Wexley mwezi Mei 1959, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1963, na kuanzia mwaka huo alifundisha hesabu mjini Wexley hadi alipostaafu Juni 1998, na wanafunzi wake mlioko hapa mnakumbuka kwamba jibu sahihi lisilo na njia halikupata alama kwake, alikurudishia daftari na kusema, "Jibu nimeliona, sasa nionyeshe ulikopitia."

Tarehe 11 Juni 1966 alifunga ndoa na Lyle Stembridge, fundi wa matrekta, katika kanisa la Wabaptisti la Tollow Creek, wakajaliwa watoto wawili, Wade, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1968 na anayeishi Wexley, na Corinne, aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1971 na kuolewa Pendrith, na Bwana Lyle alitutoka tarehe 30 Novemba 2011.

Baada ya kustaafu alianza kwenda kwenye mahakama za kaunti, ambako vitabu vya hati za mashamba vimehifadhiwa tangu enzi za mfalme wa Uingereza, akitaka kujua jambo moja, Josias amelala wapi, maana ndugu wa Wexley walisimamisha jiwe la kumbukumbu mwaka 1958 na ndugu wa Pendrith wakasimamisha lao mwaka 1974, na kila Agosti kwenye mkutano wa ukoo upande mmoja uliukaribisha mwingine "kwenye kaburi lenye mtu ndani," naye marehemu aliwauliza, "Mtu mmoja, mawe mawili, mmemgawana nusu kwa nusu?" Bwana Lyle ndiye aliyemwendesha, akamsubiri garini hadi njaa imshike, kisha akaingia na kumwambia, "Orpha, wafu hawaendi popote, twende tukale," naye akajibu bila kuinua macho, "Huyu ndiye anayeenda, Lyle, ndiyo shida yake."

Hati hizo za zamani hazina ramani, mpimaji alitembea na mnyororo wake wa kupimia na kuandika alivyopita, kutoka mwaloni mweupe kwenye kona ya kijito, hadi mwamba, hadi mpaka wa fulani, na marehemu alizigeuza safari hizo kuwa michoro kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, hati moja karatasi moja, na katika miaka ishirini alipata karatasi nne, moja ya kila kaunti, ya mwisho ikiwa ya Januari mwaka huu, mwezi ambao aliwaambia watoto wake, "Nikifa mnilaze kwa Josias," na walipomuuliza ni wapi alisema, "Nitasema Agosti, ukoo wote ukiwapo, nikiwaambia ninyi wawili sasa hivi mtaanza kubishana kabla sijafa."

Tarehe 9 Machi alipatwa na kiharusi jikoni kwake, akalazwa katika hospitali ya Wexley, na kuanzia siku hiyo hakusema tena na mkono wake wa kulia haukuinuka, ndipo Corinne akampelekea zile karatasi nne, akazipanga kitandani moja moja, Wexley, Pendrith, Lunsford, Harrow, akamwomba aguse moja, lakini marehemu kwa mkono wa kushoto alizivuta zote na kuziweka rundo moja, Corinne akazitandaza upya, mama yake akazirundika tena, hata Corinne akasema, "Mama, sikuombi uzipange, nakuuliza ni ipi," naye akafumba macho, na sisi sote, pamoja na mimi niliyesimama mlangoni, tuliamini kwamba ugonjwa umemvuruga akili.

Alifariki Jumanne tarehe 2 Aprili saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, akatuacha bila jibu, Wade akachimbisha kaburi Wexley, Corinne akazungumza na kanisa la Pendrith, na Jumatatu tarehe 8 wakakutana nyumbani kwa marehemu kumaliza neno, meza ikiwa imejaa bakuli za majirani, kuku wa kukaanga, viazi, mkate wa mahindi. Wade alisema, "Mama kazaliwa Wexley, mjadala umekwisha," Corinne akamjibu, "Umekwisha kwako, jiwe lenu lina tarehe ya kuzaliwa ambayo mpaka leo hakuna anayejua mlikoiokota," Wade akarudisha, "Na lenu liko kwenye maegesho ya kanisa, Josias anakanyagwa na magari kila Jumapili," na hapo, ninashukuru kusema, wote wawili walicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Wade alitaka kuzitandaza karatasi, lakini bakuli hazikuacha nafasi ya kutosha hata sahani moja, basi akazishika zote pamoja na kuziinua kwenye dirisha la jikoni, akasema, "Corinne, njoo uone, hiki kijito ni kilekile," na kweli, walipozigeuza kidogo kidogo, kama mtu anavyonyoosha picha ukutani, kona ya kijito ikakaa juu ya kona ya kijito, mwaloni juu ya mwaloni, mwamba juu ya mwamba, kwa maana Josias hakuhama hata siku moja, ni kaunti zilizokuwa zikikatwa kuwa kaunti mpya kila watu walipoongezeka, na kila mara shamba lilelile likaangukia mahakama mpya na kuandikwa upya, hadi leo liko Harrow, ambako hakuna Tarpley anayeishi.

Siwezi kusema mambo yote yamenyooka, kwani karatasi ya Lunsford imezidi pembe moja upande wa kusini, na hatujui kama Josias aliongeza ardhi au mkono wa shangazi uliteleza, Corinne aliuliza, "Na kama amekosea?" na Wade akamjibu, "Basi kakosea yeye, na atalala alipokosea." Jumatano walifika kwa Bwana Landrum, mwenye shamba hilo leo, ambaye hakuwahi kusikia jina letu, akawapeleka kwenye misonobari hii ambayo baba yake alikuwa akilima kwa kuizunguka, akawaonyesha mawe kumi na saba ya shambani yasiyo na herufi, alama za makaburi, akasema, "Mawe yapo, majina sina," na humu tunaamini yumo Josias, lakini wosia wake, alioupata marehemu mwaka 2006, unawataja pia Phillis, Cato na mtoto Hannah, watu aliowamiliki kama watumwa, na jiwe halisemi ni la nani, kiasi kwamba Corinne aliuliza, "Sasa tunamlaza kwa nani?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Wexley, majirani kwa chakula chenu, walimu wenzake, makarani wa kaunti nne waliomvumilia kwa miaka ishirini, kanisa la Pendrith na wachimbaji wa Wexley ambao kazi yao haikutumika, na Bwana Landrum aliyetupa ardhi yake bila kuuliza maswali mengi.

Shangazi, ulituomba tukulaze kwa Josias, tumekufikisha karibu naye kadiri tulivyoweza, zaidi ya hapo hatujui, pumzika kwa amani katikati ya hawa ambao hatujui hata yupi ni yupi, jiwe lako ndilo pekee hapa litakaloandikwa jina, na atakayekuja kuwatafuta wao atakuwa na mahali pa kuanzia.