Sungura Kazuiliwa Forodhani

Benchi la mbele ya kibanda cha Soli lilikuwa mlango zamani. Soli, fundi viatu, aliuokota kwenye nyumba iliyobomolewa, akaulaza juu ya matofali, na kitasa hakukitoa. Kwa hiyo anayekaa katikati hukalia kitasa, na hakuna anayekaa katikati ila mgeni. Kila siku saa nane mchana Mama Birika akishafika na kahawa yake na vikombe sita visivyo na mikono, baraza hutimia: Soli kwenye kigoda, misumari mdomoni; Waziri, karani mstaafu ambaye hakuwahi kuwa waziri wa chochote ila ana jibu la kila wizara; Chaji, fundi simu wa kibanda cha pili; na upande wa bawaba, Nukta. Nukta alipima ardhi miaka thelathini na mmoja. Jina walimpa kwa sababu hasemi “kama mita kumi hivi”; husema mita tisa nukta nane. Tangu mkewe afariki maneno yalikuwa yamempungua, na wenzake walishazoea kujibiwa kwa kichwa. Siku hiyo alifika, hakukaa, akaanza yeye.

— Sungura kazuiliwa.

Soli alitema misumari mkononi.

— Sungura wetu?

— Wetu. Yuko forodhani huko ng'ambo. Wanataka maelezo kabla ya saa kumi jioni. Wasipoyapata wanamrudisha.

Hakuna aliyeuliza sungura gani. Mke wa Nukta alikuwa akifuma wanyama wa uzi na kuwauza mtandaoni, kwenye ukurasa aliotengenezewa na Chaji, kwa watu wa nchi ambazo baraza zima halijui ziko upande gani wa jua. Oda yake ya mwisho ilikuwa sungura wa kijivu, wa mtoto wa miaka minne. Ugonjwa ulimkuta amemaliza kila kitu isipokuwa sikio la kushoto. Baada ya arobaini, Nukta alikuja benchini na kulabu ya kufumia na donge lile lile la uzi. Wiki sita alijifunza kwa video za kwenye simu ya Chaji, Waziri akimhesabia vitundu vibaya kwa sauti. Sikio la tisa ndilo lililokubalika. Sungura alipelekwa posta na baraza zima, hata Soli alifunga kibanda.

— Lete simu, alisema Chaji. Akasoma polepole: “Mzigo umezuiwa. Tamko la mtumaji haliwiani na vilivyomo.”

— Saa ngapi sasa? aliuliza Mama Birika.

— Nane na dakika ishirini na mbili, alisema Nukta bila kutazama popote.

— Basi kaa, shemeji. Kunywa. Miguu ikisimama akili nayo husimama.

Mama Birika alimwita shemeji kwa haki. Marehemu alikuwa dada yake wa hiari, wa kuazimana chumvi na siri.

— Mimi najua kilichotokea, alisema Soli. Ofisa kamfungua, kamwona, kampenda. Ana mtoto nyumbani. Sasa anatafuta sababu.

— Ofisa mzima aibe sungura?

— Sijasema kaiba. Nimesema kampenda. Wizi huanzia hapo.

Waziri alikohoa. Waziri akikohoa, watu hushika vikombe vyao vizuri.

— Ninyi hamjui serikali. Serikali haisomi ndani, inasoma juu. Imeona neno “sungura”, imempeleka karantini pamoja na mbuzi na kasuku. Kila asubuhi anapimwa joto na kuwekewa karoti.

— Uzi unakula karoti, Waziri?

— Hapo ndipo penye tatizo! Hali kitu. Mnyama asiyekula ni mgonjwa, na mgonjwa haruhusiwi kuondoka. Anaandikiwa siku nyingine saba.

— Lakini wameandika haliwiani, alisema Chaji. Hiyo ni mashine, wazee wangu. Siku hizi mashine inatambua mkono wa mtu. Imeona masikio mawili, mikono miwili tofauti. Imesema hapa pana sungura wawili walioungwa, kama gari la ajali.

— Sikio langu lina kasoro ya milimita nne, alisema Nukta.

— Mashine haisamehe milimita nne, baba.

— Mkewe alikuwa anasamehe sentimita, alisema Mama Birika, na wote wakatabasamu ndani ya vikombe vyao.

Soli alipiga msumari mmoja, akauacha wa pili.

— Siku ngapi yuko kule?

— Kumi na tisa.

— Kumi na tisa! Waziri aliruka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo ana jembe, ana meza, ana muhuri wake. Mizigo ya wenzake ikifika yeye ndiye anayeulizwa: huyu unamjua? Sisi tunamlilia, kumbe kapanda cheo.

— Basi atufanyie mpango tupitishe viatu.

— Mnacheka, alisema Nukta. Na mtoto amekaa dirishani.

Kicheko kilishuka. Mama wa yule mtoto alikuwa akiandika kila Jumatatu, kwa adabu, kwamba binti yake husogeza kiti dirishani kumwangalia mleta mizigo. Nukta alikuwa akijibu kila Jumanne, kwa adabu, kwamba sungura yuko njiani. Hakuwahi kumwandikia kwamba mfumaji hayupo tena. Alilolitaka lilikuwa dogo na lilikuwa na mpaka: kazi ile ya mwisho ifike ilikokuwa inakwenda.

— Tuandike barua, alisema Waziri. Chaji, andika. “Kwa Mheshimiwa Forodha, kwa heshima na taadhima, sisi wazee wa benchi...”

— Tunaeleza nini? aliuliza Nukta. Sijui kosa ni lipi. Nilijaza fomu kwa ukweli mtupu.

— Hata tukieleza, sijui kama itafaa, Waziri alikata tamaa ghafla. Watu wale hawaelezeki. Sikio la kufa halisikii dawa.

Neno lilikuwa limeshatoka. Soli alitazama nyundo yake. Mama Birika alimchapa Waziri begani kwa kitambaa cha birika, pa! Waziri mwenyewe alifumba mdomo kwa viganja viwili, macho yamemtoka, kama mtoto aliyevunja sahani. Nukta alimtazama akiwa vile, na kitu kikampanda kifuani ambacho hakukitambua mpaka kilipofika kooni. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye goti.

— Dawa alikunywa yote, alisema alipopata pumzi. Masikio ndiyo yaliyokuwa yananisumbua mimi.

Wakacheka wote, Waziri akicheka na kuomba radhi kwa wakati mmoja, na katika kicheko hicho ndipo alipofika mwanamke mmoja mtu mzima, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kamba imekatika.

— Hamjambo hapa. Fundi ni nani?

— Mimi, mama. Karibu ukae.

Akakaa katikati. Akainuka. Akatazama kitasa, akasogea, akakaa tena bila kulalamika, na baraza likamheshimu hapo hapo. Soli akashona. Chaji akamsimulia kisa chote, na karoti ndani yake.

— Nakala ya fomu mnayo? aliuliza mgeni.

Nukta alikuwa nayo mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne sawasawa. Mgeni aliisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti.

— “Kitu cha kwanza: sungura mmoja wa uzi, bila sikio la kushoto. Gramu mia mbili na kumi na mbili. Bidhaa. Kitu cha pili: sikio la kushoto la sungura. Gramu tisa. Zawadi, haliuzwi. Jumla: vitu viwili.”

Nyundo ya Soli ilianguka.

— Nukta! Uliandika hivyo?

— Ndivyo ilivyo. Sungura kamfuma yeye, na mteja kamlipia yeye. Sikio nimefuma mimi. Siwezi kuuza kazi yangu kwa jina lake.

— Kwa hiyo wale watu, Chaji alishika mbavu, siku kumi na tisa...

— Wanatafuta sikio! alipiga kelele Soli. Chini ya meza!

— Wameshapekuana mifuko, alisema Waziri. Kuna mlinzi kasimamishwa kazi!

Mgeni hakucheka. Alimgeukia Nukta kama anayeuliza njia.

— Kwani hilo sikio linabanduka?

Soli akaokota nyundo. Waziri wa karantini na Chaji wa mashine walimtazama Nukta, na Nukta akatazama vidole vyake. Aliukumbuka usiku wa kulishona, kwa uzi uliobaki kwenye donge, mizunguko mitatu ambapo video ilisema mmoja.

— Halibanduki, alisema. Ukilivuta sikio, sungura mzima anainuka.

— Basi huyo ni mmoja, alisema mgeni, akanyoosha mguu kujaribu kiatu.

Chaji alikuwa ameshaanza kuandika. Kitu: sungura wa uzi. Idadi: kimoja. Gramu mia mbili na ishirini na moja. Pa kuandika mtengenezaji palikuwa na nafasi ya jina moja, na Chaji aliinua macho.

— Andika jina la ukurasa, alisema Nukta. Lilikuwa letu sote wawili.

Saa tisa na dakika nane maelezo yaliondoka. Saa tisa na thelathini na moja simu ililia, Chaji akaisoma akiwa amesimama: “Mzigo umeruhusiwa.” Soli alipiga nyundo kwenye bati kama kengele. Mama Birika alipiga kigelegele kilichofungua madirisha mawili ya ghorofani. Waziri alitangaza kwamba alijua tangu mwanzo, ni vile tu hakuulizwa vizuri.

Mgeni alisimama, akakanyaga mara mbili, akaridhika. Kisha akamwuliza Nukta jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kuliuliza tangu msiba.

— Mnafuma wengine lini? Nina mjukuu.

Soli akajishughulisha na uzi. Waziri, kwa mara ya kwanza, hakukohoa. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Nukta, tone moja likaning'inia kwenye mdomo wa birika, halikuanguka. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Nukta aliingiza mkono mfukoni mwa koti. Mpima ardhi hatupi kipimo kilichokosewa, hukihifadhi. Akayapanga juu ya benchi, moja moja, kuanzia kwenye kitasa: la kwanza limepinda kama ndizi, la pili lina tundu, la tatu fupi, mpaka la mwisho, ambalo lilikaribia kabisa kukubalika.

— Masikio ninayo manane, alisema. Ila yote ni ya kushoto.