Filemoni Tsuma Lewa na Mashimo Thelathini na Mawili

Marehemu Filemoni Tsuma Lewa alizaliwa tarehe 4 Agosti 1938 huko Msabaha, mtoto wa tatu wa mzee Lewa Mwambire na mama Kabibi. Mimi Jedida, ninayesoma maneno haya, ni dada yake mkubwa. Nilimbeba mgongoni, kwa hiyo nitasema niyajuayo. Jana wenzake wa bao waliniletea karatasi waliyotaka ichapishwe badala ya hii, imeandikwa "Bingwa wa Pwani". Nimewarudishia.

Alianza shule ya misheni mwaka 1947 akamaliza darasa la nane mwaka 1954. Alitushinda sote kwa akili. Hesabu iliyomjazia mwalimu ubao mzima, yeye aliifanya kichwani huku akichungulia dirishani. Tulitarajia awe mwalimu. Mwaka ule wa mwisho akajifunza bao, na akili yote ile ikaingia katika mashimo thelathini na mawili, isitoke tena.

Alikuwa karani wa ghala la pamba Malindi, kisha, mwaka 1975, karani kwenye mashamba ya chumvi pale Gongoni. Huko alifukuzwa mwaka 1978, na kwa haki. Alikutwa amechimba mashimo kwenye lundo la chumvi, anacheza na vibarua wawili, na malori matatu yanangoja stakabadhi zake. Mwaka uliofuata hoteli moja ya Watamu ikamwajiri acheze bao na watalii. Wakamvisha kanzu na kofia, yeye aliyebatizwa Filemoni, naye akakubali. Siku moja akanijia amefurahi sana, kwamba Mjerumani mmoja amemweleza kuwa kila taifa limekuwa na bao lake tangu enzi za Firauni. Nikamwambia, basi wapumbavu ni wengi, tena ni wa zamani.

Tarehe 5 Desemba 1964 alifunga ndoa na Kadii. Ibada ilikuwa ya saa nne. Saa sita nilikwenda kumtafuta, nikamkuta barazani kwa Bwana Aboud, walikochezea bao kila siku, suti imejaa vumbi.

"Dada, namaliza mkono huu," akasema bila kuinua macho.

"Kadii amekaa kanisani tangu asubuhi."

"Nimebakisha kidogo tu."

Akafika saa saba. Watu wameifanya hadithi ya kuchekea, nami nimewasikia wakiisimulia hata hapa matangani. Kadii hakucheka siku ile. Hakucheka pia alipojifungua Hannah bila mume mlangoni, wala miaka yote aliyolima peke yake.

Tarehe 9 Januari 1986 marehemu alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakawa ya kukisia. Alipotoka hospitali aliomba kupelekwa barazani. Akajaribu kucheza kwa mkono wa kushoto, kete zikamwagika chini. Mabingwa wakatazamana. "Mzee, wewe kaa utazame," wakamwambia, wakampa mwingine nafasi yake. Kutoka baraza lile hadi nyumbani kwake ni hatua mia mbili. Katika miezi kumi na minne aliyolala, alikuja mmoja wao, mara moja, na alikuja kuazima bao.

Kadii alimnyima. Siku hiyohiyo akaliweka kitandani, akakaa upande wa pili. Hakuwa amewahi kuigusa kete. Marehemu alimwonyesha shimo kwa kidole cha kushoto, yeye akagawa, akakosea, akaonyeshwa tena. Baada ya miezi mitatu akamfunga. Nilikuwepo, nikamwona ndugu yangu akicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilimuuliza Kadii anawezaje kukaa na ubao uliomharibia maisha. Akanijibu, "Wifi, nimeolewa miaka ishirini na moja. Sasa ndiyo naketi na mume wangu alasiri nzima."

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Machi 1987, saa tatu asubuhi, Kadii akimnywesha uji.

Jana Bwana Aboud alikuja kuomba bao likatundikwe barazani kuwa kumbukumbu. Mimi nilitaka kulipasua kuni. Kadii akatunyamazisha sote wawili. "Alitakaye na aje kwangu," akasema, "akae tucheze. Akinifunga, alichukue." Bwana Aboud akacheka, kisha akaaga. Mlango uko wazi, mabingwa. Je, yupo mmoja wenu mwenye ujasiri wa kutembea hatua mia mbili?

Marehemu ameacha mjane, Kadii, watoto watatu, Hannah, Lewa na Kadzo, wajukuu wanne, na mimi dada yake. Mungu ampokee kwa rehema ambayo mimi bado sijaiweza.