Bonge wa Mstari wa Mbele

Kocha Kowalczyk wa timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, alijaza viti viwili vya basi peke yake, kofia usoni, akijifanya amelala. Kwenye kiti cha mbele yake abiria wawili walikuwa wanamsengenya bila kujua yupo.

"Ijumaa tulibakiza hatua moja tu mpira uvushwe mstari tushinde!" mama mwenye mfuko wa viazi alifoka. "Mwanangu ndiye mkimbiaji wa timu, kazi yake kubeba mpira. Kocha akampa nani mpira? Lile bonge la mstari wa mbele, ambalo kazi yake ni kuzuia watu tu! Likauangusha!"

"Kocha naye alikuwa bonge wa mbele, dada," mzee wa pembeni akacheka. "Miaka tisa ligi ya kulipwa, hakupewa mpira hata siku moja. Alimwonea mwenzake huruma."

"Huruma ndiyo italeta kombe? Miaka tisa analipwa kusimama njiani! Hata mlango unaiweza kazi hiyo!"

Basi likasimama. Mama akainuka ashuke, lakini Kocha alishamtangulia, akaziba njia nzima, akainama kufunga kamba za viatu taratibu.

"We kaka, nipishe! Hapa ndipo nashuka!"

Mlango ukafungwa, basi likaondoka.

"Pole, mama," Kocha akasema, akivua kofia. "Na Ijumaa ijayo mpira nampa bonge yuleyule."