Nyasi Alizoshika Clemensi Tluway

Marehemu Clemensi Tluway Hhando alikuwa mtoto wa Tluway, aliyefungua shamba hili la Buger kwa jembe la mkono mpaka likafika korongoni, na mjukuu wa Hhando, aliyeswaga ng'ombe tisa kutoka Mbulu akafika nao wote tisa. Mimi Brigita ndiye mama yake mzazi. Alikotoka ni huko. Alikofikia nako nitakusema, maana mnakujua.

Alizaliwa hapahapa tarehe 14 Machi 1980, siku ya Ijumaa, mvua ikinyesha, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1988 hadi 1994. Wakati huo tulikuwa na jirani mfugaji kutoka Arash, aliyewafundisha watoto kwamba kwao mtu akishika nyasi hapigwi tena, hata awe amekosa nini. Siku moja Clemensi alikunywa maziwa ya wageni yote. Baba yake akakata fimbo. Mtoto akakimbia, akang'oa nyasi mikono miwili, akaziinua juu.

"Baba, nimeshika!"

"Umeshika nini wewe? Hizo hata ndama hashibi!"

Tluway alicheka mpaka akakaa chini. Fimbo ikaishia jikoni. Maziwa ndiyo hayakurudi.

Mwaka 2003 alipata kazi ya kuwapikia watalii wa kambi, na 2009 akawa dereva wao. Alijua kila kona ya kupanda kreta. Tarehe 8 Novemba 2008 alifunga ndoa na Katarina parokiani. Nilicheza siku hiyo mpaka viatu vikaniacha.

Mwaka 2020 watalii waliacha kuja na kampuni ikamwachisha kazi. Yeye na rafiki yake Lekoko wa Arash, aliyekuwa mlinzi wa kambi, wakaanza kubeba bangi chini ya mahema, kwenye gari bovu la kununua. Mwanzo walikuwa wawili. Baada ya miaka miwili walikuwa na magari matano na vijana wa kukodi kutoka mjini. Waligawana barabara pale Digodigo, kwenye mfereji: huku kwa Clemensi, kule kwa Lekoko. Nilimwambia, "Babu yako aliweka mipaka ya mahindi. Wewe unaweka ya nini?" Akasema, "Mama, kula kwanza." Sikula. Lakini bati alilonipa nililiezeka, na hilo nalo nalisema.

Oktoba 2024 vijana wa Clemensi walivuka mfereji, wakaingia upande wa Lekoko. Walimkuta Lekoko. Lekoko akang'oa nyasi, akaziinua, na vijana wale wa mjini wakadhani ameokota jiwe. Wakampiga mpaka akafa. Clemensi hakuwatuma wamuue, ila ndiye aliyewavusha. Alikuwa amewafundisha barabara yote, hili la nyasi hakuwafundisha.

Kuanzia hapo hakulala vizuri. Tarehe 29 Mei 2025, saa nne asubuhi, alikwenda Digodigo peke yake kuomba yaishe. Vijana wa Lekoko wakamzunguka. Naye akainama, akang'oa nyasi. Mmoja wao akamwambia, "Shika tu, mzee. Hata Lekoko alishika."

Alikaa hospitali siku kumi na moja. Figo zilishindwa kazi, na tarehe 9 Juni alfajiri alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa Katarina.

Ameacha mjane, Katarina. Watoto watatu, Goodness, Piusi na Antonia. Mimi mama yake. Na ndugu watano, wa mwisho akiwa Vedasto, mnayemwona amesimama pale na vijana wenye fimbo, hataki kukaa.

Vedasto, haya ni yako, na ndugu yako aliyasema mbele yangu siku mbili kabla hajafa. Alimtuma muuguzi, dada Marsela, amletee nyasi za uani. Wewe ulikuwa mlangoni, umekwisha kusema utavuka mfereji na watu ishirini.

Alikwambia, "Mdogo wangu, vuka. Ila peke yako, na kondoo. Mpeleke Arash kwa Mama Sinyati, aliyemzaa Lekoko. Shika hizi."

Ukamwambia, "Wewe ulishika, kaka, na umelala hapa!"

Akasema, "Mimi nilizivunja kwanza. Wewe hujazivunja."

Ukatoka nje bila kuzipokea. Nilizichukua mimi, nimezifunga kwenye kanga hii. Zimekauka, lakini ni zilezile. Kondoo amefungwa nyuma ya jiko. Mungu amjalie Clemensi pumziko, na wewe usimwamshe. Nikimaliza kusoma, weka fimbo chini, njoo uzichukue.