Polyxeni Dimitrea, Aliyeionyesha Kalamata Anga

Mama yetu, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 katika kijiji cha Thouria, mtoto wa tatu wa mzee Thrasyvoulos Skiadas na mkewe Vasiliki. Wazazi wake walikuwa na mitini na mizeituni michache. Njaa ya miaka ya vita ilimkuta angali mdogo sana, na kumbukumbu yake ya kwanza, kama alivyotusimulia, ilikuwa kofi alilopigwa kwa kula tini iliyokuwa imeanikwa juani kwa ajili ya kuuzwa. Alisema tini ilikuwa tamu hata hivyo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Thouria, kisha sekondari ya wasichana mjini Kalamata. Mwaka 1953 baba yake aliumia mgongo, naye akaacha shule akiwa mwaka wa tatu, akaenda kufungasha tini kiwandani. Mbele yetu hakulalamika kamwe. Lakini kila Septemba shule zilipofunguliwa alikuwa mkali siku kadhaa bila sababu, na sisi wanawe tulijifunza kumpisha.

Majira ya joto ya mwaka 1957 wasichana wenzake wa kiwandani walimpeleka Lemonia, sinema ya wazi iliyokuwa katikati ya milimau ya familia ya Dimitreas. Usiku ule ilionyeshwa filamu ya watu waliosafiri kwa roketi. Uzi ulioishikilia roketi ulionekana, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kisha wale wasafiri waligeuka kutazama walikotoka, na dunia ikaonekana nzima, ikipungua polepole hadi ikawa kama ushanga. Watu waliendelea kucheka. Yeye alilia.

Kijana wa mwenye sinema, Anestis, aliyekuwa akipita na taa ya mkono kuonyesha watu viti vyao, alimwona akainama.

"Dada, kuna mtu amekukosea?"

"Hapana. Nimeiona Thouria."

"Thouria ipi?"

"Kwani zipo ngapi? Iko mle ndani, kwenye kile kitu kidogo. Na mama yangu yumo, anafua."

Baba yetu alikuwa akisema kwamba aliikazia macho skrini na hakuiona Thouria, ila tangu saa ile hakutazama tena filamu. Walifunga ndoa Jumapili tarehe 12 Novemba 1961 katika kanisa la Ypapanti, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Thrasyvoulos, tunayemwita Thrasos.

Mama aliingia kwenye ile familia kama mkata tiketi, na haukupita muda akawa ndiye mwenye kuchagua filamu, nyingi zikiwa za safari za anga. Mama mkwe wake, bibi Stamata, ambaye jina lake ninalo mimi, hakupendezwa.

"Watu wamevaa sufuria kichwani," alisema bibi. "Nani atoke kwake na viatu vizuri kuja kutazama sufuria?"

"Mama, na wale wanaolilia wachumba kila Ijumaa, hujawachoka?"

"Wale angalau wana nguo za maana."

Hata hivyo bibi aliketi mstari wa nyuma filamu zote, na siku moja alikutwa akimweleza muuza samaki kwamba mwezini hakuna upepo.

Si filamu nzima za anga alizozipenda mama. Nyingi aliziona za kipuuzi, na alikiri hivyo. Alizipenda kwa ajili ya tukio moja au mawili ndani yake. Alikuwa akituambia kuwa filamu ya mapenzi utaiona popote na hutapungukiwa kitu, kwa sababu uso wa mtu ni uso. Bali anga lazima ikuzidi ukubwa, la sivyo hujaiona. Kulikuwa na filamu moja ambamo mwanamke fundi anapita ndani ya chombo akifungua vifuniko vya madirisha, kimoja baada ya kingine, na kila kifunguliwapo mwanga wa sayari kubwa ya rangi ya chungwa unamwagika ndani. Mama alitufundisha tusitazame skrini peke yake. Tugeuke. Nyuso za watu wote, mwokaji mikate, mwalimu wetu wa hesabu, bibi Stamata, zilikuwa zinageuka rangi ya chungwa pamoja. Hilo, alisema, huwezi kulipata sebuleni kwako.

Na kulikuwa na tukio la kimya. Katika filamu hiyo hiyo kamba ya yule fundi inakatika akiwa nje ya chombo, naye anaelea akienda mbali. Hakuna muziki, hakuna sauti, ni nyota tu na mtu mdogo mweupe. Sasa, sinema ya wazi bila mbegu za maboga si sinema, na watu wa Kalamata hawatafuni mbegu, wanazipasua. Kwa hiyo kabla ya tukio hilo mama alikuwa akifunga kibanda cha vinywaji na kupita mstari kwa mstari akiwa na kidole mdomoni. Mteja mmoja aliwahi kugonga kibandani akidai soda yake.

"Imefungwa," mama alinong'ona.

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu warudi duniani. Keti, mwanangu, uone kama watarudi."

Miaka ya sabini televisheni iliingia nyumba kwa nyumba, na sinema za wazi zikageuka majengo ya ghorofa. Mkandarasi alikuja kwetu na peremende za watoto, akataka uwanja atupe fleti. Baba alikuwa karibu kukubali.

"Polyxeni, siku hizi watu wanataka kukaa kwao na soksi miguuni."

"Wakae. Wakichoka kuona sayari yenye ukubwa wa sahani, wanajua tulipo."

Walinuniana majira yote ya baridi. Masika ilipofika baba alipaka rangi viti vyote, na hakuna aliyemwuliza chochote.

Jumamosi jioni, tarehe 13 Septemba 1986, ardhi ilitetemeka. Hakuna haja ya kuwasimulia waliopo hapa; wengi wenu tulilala nanyi kwenye mahema. Nyumba yetu ilipasuka toka juu hadi chini na ukuta wa skrini ya Lemonia ukaanguka juu ya milimau. Sisi tulipona. Jirani yetu, bibi Garifalia, hakubahatika. Dada yake, aliyeishi naye maisha yote, alifia chini ya dari. Bibi Garifalia alikataa kuingia hata ndani ya hema. Aliketi nje juu ya kiti, blanketi mabegani, na tangu mazishi hakusema neno na mtu.

Wiki iliyofuata mama alianza kuomba mashuka, hema kwa hema. Wanawake wakaketi kushona. Wengine walikasirika, na Padri Lefteris alimwita kando.

"Mama Polyxeni, watu hawajamaliza kuzika. Wewe unawaletea sinema?"

"Padri, watoto hawalali. Wakifumba macho wanaona dari inashuka. Nataka walale wakiwa wameona kitu kisicho na dari."

Padri akauliza kama mashuka yanatosha, maana kanisani palikuwa na vitambaa vya meza.

Wanajeshi waliazimisha jenereta. Baba na Thrasos waliitoa projekta katika kifusi. Filamu iliyokuwa bado ghalani, haijarudishwa Athens, ilikuwa ile ya yule fundi. Jumamosi tarehe 27 tukalitundika shuka kubwa kati ya nguzo mbili uwanjani, na watu wakaja na viti vyao, na mablanketi, na wengine kwa ajili ya kulaani tu. Mtu alimletea bibi Garifalia kiti chake, naye akaketi alipowekwa.

Likaja tukio la kimya. Yule mtu mweupe anaelea, uwanja umetulia, na hapo ardhi ikatetemeka tena. Shuka lilitikisika, nyota zote zikacheza. Watu mistari ya mbele waliruka wakasimama, akina mama wakawanyakua watoto. Ndipo sauti ikatoka katikati, imekwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu.

"Kaeni chini," alisema bibi Garifalia. "Hatuoni."

 Kisha mmoja aliketi, na mwingine, na mtu fulani nyuma akaanza kucheka, kicheko kikasambaa, na watu walikuwa wakicheka huku wakilia mpaka fundi alipoishika kamba aliyorushiwa na wenzake. Usiku ule bibi Garifalia aliingia hemani na kulala. Aliishi miaka kumi na minne zaidi, na hakuikosa Lemonia.

Skrini ilijengwa upya, ikafunguliwa Juni 1988. Baba alitutangulia mwaka 2003. Mama aliendelea. Kuanzia 2015 macho yake yalififia, akawa anaona pembeni tu, katikati pakiwa giza. Aliomba kiti chake kiwekwe upande, akafurahia mwanga na watu. Vijana wa mtaani waliokuja kuendesha sinema aliwatukana vizuri na kuwafundisha vizuri zaidi. Moyo ulianza kumsumbua Oktoba iliyopita. Alifariki nyumbani asubuhi ya Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, baada ya kunywa kahawa yake na kulalamika kwamba ilikuwa nyepesi.

Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia, Padri Lefteris ambaye kwa uzee wake amekubali kumwombea leo, vijana wa Lemonia, na kila mmoja wenu aliyewahi kuketi kwenye viti vyetu. Mlimpa maisha aliyoyataka, na alilijua hilo. Alilisema mara nyingi kuliko alivyosali.

Marehemu ameacha watoto wawili, Stamata na Thrasyvoulos. Mkwe wake Areti. Wajukuu watatu, Anestis, Polyxeni na Myrto. Na dada yake Kanella aliye Thouria. Baada ya maziko, kahawa na konyaki vitaandaliwa katika ukumbi wa kanisa.

Muishi mpate kumkumbuka. Udongo wa Kalamata uwe mwepesi juu yake, naye alale kwa amani.